Melini kuna anayeulizwa kuhusu maji, kijijini ni nani?

MSOMAJI, hebu nikupe kazi ndogo kabla hujaendelea na ukurasa huu. Fikiria meli ya mizigo iliyotia nanga Kilindini baada ya siku kumi na kitu baharini. Ina mabaharia 22, nao wamezungukwa pande zote na maji ambayo hakuna hata mmoja wao awezaye kuyanywa. Kisha fikiria kijiji kilichoko mwendo wa saa mbili tatu kwa gari kutoka hapo hapo Mombasa, huko ndani Kilifi katika nchi kavu ya Ganze, chenye shule ya msingi, maduka mawili matatu na kisima kimoja. Una kiu. Utakunywa maji ya wapi?

Wengi wenu, najua, mtachagua kijiji. Tumezoea kuwahurumia mabaharia na kuamini kwamba kitokacho ardhini ni kisafi. Mimi pia nilikuwa na imani hiyo hadi siku moja nilipokuwa nikizungumza na ami yangu, ambaye alikuwa fundi wa mitambo katika meli za mizigo kwa miaka 22 kabla ya kustaafu. Nilimpa pole kwa maji mabaya aliyoyanywa ujana wake wote. Akanicheka.

"Mwanangu," akasema, "chakula tulikula kibaya, na mshahara wakati mwingine ulichelewa, lakini maji yetu yalikuwa yakipimwa na kuandikwa kitabuni. Hayo yaliyomo ndani ya mtungi wako hapo jikoni, nani aliyeyapima?"

Sikuwa na jibu. Maji yale nilikuwa nimeyanunua asubuhi kwa kijana wa mkokoteni, na alikoyateka ni yeye na Mola wake wanaojua.

Tuanze na chumvi, maana hapo ndipo shida yote ya baharini ilipo. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Figo za binadamu haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi nyingi kiasi hicho. Kwa hivyo kila gilasi ya maji ya bahari anayokunywa mtu huulazimu mwili kutoa zaidi ya gilasi moja ili kuiondoa chumvi hiyo, na mtu huzidi kukauka kadiri anavyozidi kunywa. Ajabu ni kwamba chumvi hiyo hiyo ikiwa kidogo ni dawa. Yale maji ya chumvi na sukari anayopewa mtoto anayeendesha yana gramu 2.6 tu za chumvi ya kawaida katika lita moja, pamoja na sukari na madini mengine kidogo, nayo yameokoa watoto wasiohesabika.

Wazee wetu wa pwani waliyajua haya bila ya kuwa na maabara. Jahazi zilizosafiri kwa pepo za kaskazi na kusi zilibeba maji matamu katika mapipa na mitungi, na nahodha aliyajua visima vya kila bandari kama alivyozijua nyota. Wazungu nao walihangaika. Mwaka 1498, Wareno wa Vasco da Gama walipofika kisiwa cha Msumbiji, walifika hadi ya kupiga mizinga kwa ajili ya kuteka maji. Mnamo Januari 1773, James Cook akiwa katika bahari za kusini kabisa mwa dunia aliwaamuru watu wake wavue mapande ya barafu na kuyayeyusha, wakapata maji matamu. Wengine ambao hawakuwa na barafu walikunywa yaliyomo mapipani, na maji ya pipa la mbao baada ya wiki kadhaa huwa ya kijani, yana utelezi na yananuka. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 ndipo meli za kivita za Uingereza zilipoanza kutumia matangi ya chuma badala ya mapipa.

Siku hizi meli kubwa hutengeneza maji yake yenyewe. Njia ya kawaida ni kutumia joto la injini ambalo vinginevyo lingepotea. Maji ya bahari huingizwa katika chombo ambacho hewa yake imefyonzwa, na kwa kuwa humo hakuna hewa ya kuyakandamiza, huchemka yakiwa na joto la nyuzi 45 au 50 tu badala ya 100. Mvuke hupozwa ukawa maji matamu, na chumvi hurudishwa baharini. Njia ya pili ni kuyasukuma maji ya bahari kwa nguvu nyingi mno, mara 50 hadi 70 ya kani ya hewa tunayoivuta, yapite katika utando wenye vijitundu vidogo kiasi cha kuizuia chumvi isipite.

Hapa, msomaji, pana jambo ambalo lilinishangaza. Maji yanayochemka kwa nyuzi 45 hayajaua vijidudu. Ni matamu lakini si lazima yawe salama. Ndiyo sababu meli hazitengenezi maji ya kunywa zikiwa bandarini au karibu na pwani, mahali ambapo vyoo vya miji huishia. Wengi hufuata kanuni ya kukaa maili 20 kutoka nchi kavu kabla ya kuuwasha mtambo huo. Na hata hivyo maji hutiwa klorini au kupitishwa kwenye taa ya miali inayoua vijidudu kabla ya kufika mdomoni.

Sasa usije ukadhani ninawasifu mabaharia kupita kiasi. Meli zimewahi kuwaangusha watu kitandani kwa mamia. Wataalamu waliochunguza taarifa zilizoandikwa kati ya 1970 na 2003 walipata milipuko 21 ya maradhi iliyotokana na maji melini, na watu walioambukizwa walizidi 6,000. Sababu walizozitaja hazikuwa za kitaalamu sana. Maji machafu yalipakiwa kutoka bandari fulani bila ya kupimwa. Bomba la maji ya kunywa liliunganishwa kimakosa na la maji machafu. Tangi lilikuwa na mlango mbovu. Dawa haikutiwa ya kutosha, au haikutiwa kabisa. Soma tena orodha hiyo kisha uniambie kama hujaviona vyote hivyo mtaani kwenu.

Tofauti ni hii, kwamba baada ya kuumia mabaharia waliandika kanuni, na kanuni zikapata mwenyewe. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake wa usafi wa meli mwaka 1967 na limeurekebisha tangu wakati huo. Kwa mujibu wa mwongozo huo mpira wa kupakia maji ya kunywa hautumiwi kwa kazi nyingine yoyote. Ncha zake hufunikwa kwa vifuniko, na hauwekwi chini sakafuni. Tangi hufunguliwa, husuguliwa na kutiwa dawa kwa vipindi vinavyojulikana. Klorini hupimwa na kuandikwa. Chini ya kanuni za afya za kimataifa za 2005, meli hukaguliwa na kupewa cheti cha usafi ambacho hakizidi miezi sita. Kadhalika, mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unasema baharia apewe chakula na maji safi ya kunywa bila ya malipo. Maji yakiwa mabaya, nahodha hawezi kusema kwamba hakujua. Ni kazi yake kujua.

Twende sasa kijijini. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita sisi wana wa kijiji kimoja tunaoishi Mombasa tulifanya harambee. Tulichoka kusikia kwamba mama zetu wanaamka saa kumi alfajiri kwenda lambo na kurudi na lita 20 mgongoni, maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Tukachanga, tukatafuta mkandarasi, mashine ikaja, shimo likachimbwa. Siku maji yaliporuka watu walicheza, mbuzi akachinjwa, na mheshimiwa mmoja ambaye hakuwa ametoa hata senti akahutubu kwa muda wa saa nzima. Mimi nilionja. Yalikuwa na ladha ya magadi kwa mbali, nikajiambia kwamba ni upya wa mabomba.

Ilichukua miezi minne kabla ya mtu yeyote kupeleka chupa moja ya maji yale maabara. Yalikuwa na chumvi nyingi mno. Hivi leo hunywesha ng'ombe na kufulia, na sabuni haitoi povu. Mama zetu wamerudi lamboni. Nilikwenda kuisoma ile barua ya makubaliano tuliyotia sahihi na mkandarasi nikakuta imetaja urefu wa shimo, unene wa bomba na aina ya pampu. Haikuwa na neno moja kuhusu ubora wa maji. Tulinunua shimo, na shimo tukapewa. Siwezi kumlaumu mtu mwingine, ingawa nilijaribu.

Nimejifariji baadaye kwa kuona kwamba hata wakubwa huteleza. Mnamo Septemba 2013 taifa zima lilishangilia kusikia kwamba ziwa kubwa la maji limegunduliwa chini ya ardhi huko Lotikipi, Turkana. Kukatangazwa kwamba yangeweza kuitosha nchi kwa miaka mingi. Baadaye visima vilipochimbwa na maji kupimwa, yalikutwa na chumvi kupita kiasi kinachofaa kunywewa. Kipimo kilikuja baada ya shangwe, kama kwetu.

Na chumvi angalau huonjeka. Kuna sumu zisizoonjeka wala kunuka. Ukienda Bonde la Ufa, katika sehemu za Nakuru na jirani zake, utawaona watu wenye meno ya rangi ya kahawia. Wengi hudhani ni uchafu au ukoo. Ni madini ya floridi yaliyomo katika maji ya visima kutokana na miamba ya volkeno. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi huko hupita hapo. Kidogo huimarisha meno, kingi huyaharibu, na kikizidi kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa na kumpinda mtu. Mama mwenye bidii anayechemsha maji hayo vizuri haiondoi floridi hata chembe. Kwa kweli anaizidisha, kwa vile mvuke huondoka na floridi hubaki. Dawa yake mojawapo ni chujio la makaa ya mifupa ya ng'ombe, ambayo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru iliishughulikia kwa miaka mingi. Nyingine ni maji ya mvua.

Kule Wajir mjini mambo ni kinyume. Huko maji ya chini yako karibu sana na uso wa ardhi, na kwa miaka mingi watu wamechota katika visima vifupi vya mkono. Lakini ukaribu huo huo ndio uliofanya choo cha shimo kuwa hatari, kwa kuwa kilichomo chooni hakina safari ndefu kufika kisimani. Watu wakawa wanatumia vyoo vya ndoo. Kumbuka lile kosa la melini la kuunganisha bomba la kunywa na la uchafu. Hapa ardhi yenyewe ndiyo iliyoyaunganisha.

Kuna wanaosema kwamba suluhisho ni kuleta mitambo ya kisasa. Mtambo wa melini, kwa hakika, umekwisha kupanda nchi kavu. Mwaka 2018, huko Kiunga karibu na mpaka wa Somalia katika kaunti ya Lamu, shirika la GivePower la Marekani lilijenga kituo kinachotumia nguvu za jua kuondoa chumvi katika maji kwa ule utando niliokwisha kuueleza. Kinasemekana kuweza kutoa takriban lita 75,000 kwa siku, na wenyewe wanasema zinaweza kuwatosha watu 35,000. Gawanya mwenyewe, msomaji. Ni kama lita mbili kwa kila mtu, yaani ya kunywa tu. Si ya kupikia, kuoga wala kufua. Hilo si dogo mahali ambapo watu walikuwa wakinywa maji ya chumvi na kuugua, nami nawapongeza. Swali langu ni lile la ami yangu. Utando huo huchakaa. Pampu huchakaa. Aliyeko Kiunga akikuta mtambo umezima siku ya Ijumaa jioni, anampigia nani simu?

Swali hilo ndilo linaloua visima vya Afrika. Wachunguzi wamekadiria mara kwa mara kwamba kati ya robo na thuluthi ya pampu za mkono barani humu hazifanyi kazi kwa wakati wowote utakaokwenda kuzitazama. Nyingi hazijafa. Zimekosa mpira wa shilingi mia chache na mtu wa kuufunga.

Lakini yapo majaribio ambayo yanatia moyo, tena ya hapa kwetu. Kule Kyuso, Kitui, mnamo 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka kidude kidogo kwenye mikono ya pampu, kinachotuma habari kwa simu kuonyesha pampu inatumika kiasi gani. Ikinyamaza, fundi anajua bila ya kuitwa. Kabla ya hapo pampu ikiharibika ilikaa siku 27 kwa wastani kabla ya kutengenezwa. Baadaye muda huo ulishuka ukawa chini ya siku tatu. Kazi hiyo ilizaa kampuni ya mafundi iitwayo FundiFix, ambayo hutengeneza pampu Kitui na Kwale kwa malipo yanayojulikana mapema. Angalia kwamba pampu ni zile zile, za mkono, za chuma. Kilichobadilika ni kwamba sasa yuko mtu ambaye ukimya wa pampu ni kesi yake.

Jaribio lingine lilifanywa Busia, na mmoja wa waliolifanya, Michael Kremer, alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Waliziwekea chemchemi kuta za saruji na bomba ili watu wasizikanyage. Vijidudu vya kinyesi vilipungua kwa asilimia 66 katika chemchemi. Walipoyapima maji hayo hayo nyumbani kwa watu, upungufu ulikuwa asilimia 24 peke yake. Asilimia 42 zilipotelea njiani, kwenye mtungi usiooshwa, jani lililofunikia ndoo, kikombe kilichochovywa na mkono wa mtoto. Mabaharia wangesema tatizo liko kwenye mpira na tangi. Walichofanya baadaye huko Busia ni kuweka chombo cha klorini papo hapo chemchemini. Anayeteka anazungusha kifundo, tone linaingia mtungini, na dawa hufanya kazi wakati yeye anatembea kurudi nyumbani.

Najua pingamizi mtakayoileta. Meli ina tajiri, kijiji hakina. Ni kweli, na tajiri wa meli anaogopa mahakama kuliko anavyompenda baharia. Lakini yapigeni hesabu yale yanayolinda maji ya meli mwone ni mangapi yanayohitaji utajiri. Kifuniko cha mpira. Kitabu cha kumbukumbu na kalamu. Kidude cha kupimia klorini ambacho hubadilisha rangi ya maji. Ufunguo wa tangi unaokaa kwa mtu mmoja anayejulikana jina. Ukiondoa ule mtambo wa kuondoa chumvi, vilivyobaki vinaingia katika mfuko wa plastiki.

Kigumu zaidi, nakiri, ni siasa. Nahodha ana amri juu ya watu 22, na asiyetii hushushwa bandari inayofuata. Mwenyekiti wa kamati ya maji hana wa kumshusha, na mara nyingi yeye ndiye anayestahili kushushwa. Nimeona kamati ambazo ufunguo wa pampu umekuwa urithi wa ukoo.

Ndiyo maana naona serikali za kaunti haziwezi kukwepa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na katiba hiyo hiyo imezikabidhi kaunti huduma za maji. Hivi sasa meli yenye bendera ya Panama ikitia nanga Mombasa, afisa wa afya ya bandari ana haki ya kupanda, kufungua kitabu na kuuliza tangi lilioshwa lini. Hilo ni jema. Lakini mwanafunzi wa Ganze, ambaye ni raia, anakunywa maji ya tangi ambalo halijawahi kuulizwa swali hilo tangu lilipowekwa. Kwa nini kila kisima na kila tangi la umma lisiwe na cheti kama cha meli, cha miezi sita, kilichobandikwa hapo hapo mahali pa kutekea? Kiandikwe tarehe ya kupimwa, kilichopatikana, jina la mwenye ufunguo na nambari ya fundi. Bajeti zetu zina fedha za kuchimba. Za kupima na kuosha hazionekani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukata utepe wa kitabu cha kumbukumbu. Tulioshuhudia kipindupindu kilichoanza Oktoba 2022 kikapata watu zaidi ya 12,000 nchini na kuua zaidi ya 200 hatuna sababu ya kuendelea kupiga makofi shimo likichimbwa.

Tena tusidhani jambo hili haliwezekani Kenya. Mdudu wa Gini, yule uzi mrefu unaochomoza mguuni, alikuwa akiingia kwa maji ya kunywa. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa hapa alionekana 1994, na WHO ikaitangaza Kenya kuwa huru mwaka 2018. Silaha kubwa dhidi ya mdudu huyo duniani kote imekuwa kipande cha kitambaa cha kuchujia, na watu waliotembea nyumba hadi nyumba kuuliza na kuandika.

Wewe nawe msomaji uliye mjini, ambaye kila mwezi unatuma kitu nyumbani, una sehemu yako. Kabla ya kuchangia kisima, dai kipimo cha chumvi na floridi kiandikwe kwenye makubaliano, na malipo ya mwisho yangoje matokeo. Pengine hata huhitaji kisima. Paa la bati la mita 50 mraba likipata mvua ya milimita 500 kwa mwaka hupokea lita 25,000. Toa moja ya tano inayomwagika na kukauka, zinabaki 20,000, ambazo ni lita 90 kwa siku kwa zaidi ya miezi saba. Wazee wa Lamu, Faza na Siyu walijenga jabia za kukinga mvua kabla ya babu zetu kuzaliwa, na kule Machakos na Makueni watu hujenga mabwawa ya mchanga katika mito mikavu, ambamo maji hujificha ndani ya mchanga yasikauke kwa jua wala kuzaliana mbu. Maji ya paa acha mvua ya kwanza ioshe bati na kumwagika, ndipo uelekeze tangini. Kama mama hana kuni za kuchemshia na klorini imekwisha dukani, maji maangavu yaliyowekwa katika chupa isiyo na rangi juani kwa saa sita hupungukiwa sana na vijidudu. Jaribio lililochapishwa 1996, lililofanywa kwa watoto 206 wa Kimaasai hapa nchini, lilionyesha kuwa walioyanywa waliendesha kidogo kuliko wenzao. Mawingu yakitanda iachwe siku mbili. Maji yenye tope hayafai kwa njia hiyo, na chumvi na floridi hubaki palepale.

Kwetu tulianza upya na tangi la shule. Pasaka iliyopita tulilifungua tukakuta mjusi, matope ya kina cha kiganja na kandambili moja ya mtoto. Tuliliosha siku nzima. Sasa mwalimu mmoja hupima klorini kila Ijumaa na kuandika katika daftari la kawaida la shule, na wakati wa kiangazi maji huletwa na lori. Nilimpigia picha ukurasa wa kwanza nikampelekea ami yangu. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama ule mpira wa lori la maji una kifuniko, au unaburutwa mavini mwa mbuzi hadi tangini. Nilimwambia unaburutwa. Nimekwisha kununua kifuniko kimoja hapa Mwembe Tayari. Kiko kwenye begi langu, na mwisho wa mwezi nakwenda nacho.